Ng'ombe Asiyepimwa

Wahenga walisema kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hii nimeisikia mahali pengi: kwenye mnada wa korosho bei inapoanguka, kwenye msiba wa mtoto wa pekee, na hata katika chumba cha walimu siku matokeo ya mitihani yanapobandikwa ukutani. Maana yake tunaijua sote. Bahati mbaya humfuata yule ambaye tayari amepungukiwa, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini mwalimu ana tabia ya kuyachukua maneno kama yalivyo kabla ya kuyafumbua. Basi tuulize: huyo ng'ombe wa maskini, kwa nini hazai?

Ukimwuliza daktari wa mifugo, hatakujibu kwa neno bahati. Atataka kujua kama ng'ombe huyo alipata kutupa mimba, na mimba ilikuwa ya miezi mingapi. Kama kondo la nyuma lilitoka au lilibaki. Fahali aliyempanda alitoka zizi gani. Na ni nani aliyelishika lile kondo kwa mikono mitupu. Kisha ataomba damu kidogo. Huenda jambo ambalo ukoo mzima umeliita majaliwa kwa miaka kumi limo ndani ya tone moja la damu ambalo hakuna aliyetaka litazamwe.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili. Je, mtu ana haki ya kutojua? Mwenye ng'ombe anayeonekana mzima, anayekula vizuri na kukamuliwa kila alfajiri, na maziwa yake yakauzwa kwa majirani, ana wajibu wa kumpima ng'ombe huyo? Na kama hakumpima, kisha mtoto wa jirani akaugua, tutasema alikosa, au tutasema hakujua?

Pengine msomaji atashangaa kuona mtu wa Lisekese akijishughulisha na habari za ng'ombe. Kweli sisi wa Masasi na Newala si wafugaji wa asili. Nchi yetu ilikuwa ya mbung'o, na mbung'o na ng'ombe hawakai pamoja. Juu ya uwanda wa Makonde kulikuwa na shida nyingine: maji. Mama aliyeshuka bondeni na kupanda tena na ndoo moja kichwani hakuwa na maji ya kumnywesha mnyama ambaye kwa siku moja humaliza ndoo kadhaa. Utajiri wetu ulikuwa mikorosho, mihogo, mbaazi na kunde, na mifugo yetu ilikuwa kuku na mbuzi wachache.

Siku hizi mambo yamebadilika. Serikali ilianzisha shamba la kuzalisha mifugo kule Nangaramo, upande ambao sasa ni Wilaya ya Nanyumbu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa katika bonde la Ihefu, wengi walielekea kusini na makundi yao, na ng'ombe wakaonekana katika vijiji ambavyo watoto walikuwa wakiwajua kwa picha za vitabuni. Hapa mjini nako, mtumishi aliyestaafu, mjane, au kijana mwenye duka hujenga kibanda nyuma ya nyumba, akafuga ng'ombe chotara mmoja au wawili na kuwakatia matete. Asubuhi maziwa hupita mlangoni katika chupa zilizokuwa za maji. Ni jambo jema sana. Ila tumepata maziwa kabla hatujapata desturi za maziwa. Mtoto wa mfugaji wa asili hukua akimtazama ng'ombe. Sisi tulianza kwa kumkamua.

Yako magonjwa ya ng'ombe yasiyohitaji mtaalamu kuyatambua. Ndigana humlaza mnyama, na kila mtu huona. Kimeta huua ghafla. Magonjwa ninayoyasema mimi ni mengine, ni yale ya subira. Mawili ndiyo makubwa kwetu: kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ambayo wengi huiita ugonjwa wa kutupa mimba.

Ng'ombe mwenye kifua kikuu anaweza kukaa miaka na ugonjwa ndani yake, akala, akazaa, akatoa maziwa. Kukonda na kukohoa huja mwishoni, ikiwa vitakuja. Katika muda wote huo anapumua pamoja na wenzake bandani na pamoja na anayemkamua, na ugonjwa ukifika kwenye kiwele, vijidudu hutoka na maziwa. Brusela ina hila zaidi. Ng'ombe aliyeambukizwa kwa kawaida hutupa mimba mara moja, mara nyingi mimba ikiwa kubwa, kisha mwaka unaofuata huzaa ndama mzima. Mwenye ng'ombe hufurahi na kusema kwamba mkosi umeondoka. Kumbe mkosi haujaenda popote. Umo katika maziwa, na umo katika majimaji ya uzazi anayoyashika kwa furaha wakati wa kumpokea ndama.

Binadamu akiipata brusela huwa na homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo. Katika nchi yetu homa yoyote hushukiwa kwanza kuwa malaria, na mgonjwa anaweza kumeza dawa za malaria mara tatu au nne bila nafuu. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kikimwingia mtu kupitia maziwa, mara nyingi hujitokeza kama uvimbe wa tezi za shingoni au maradhi ya tumbo. Hata kinapoingia mapafuni, darubini ya kawaida haiwezi kukitofautisha na kile cha binadamu, na moja ya dawa za kawaida za kifua kikuu, pirazinamidi, haikiwezi kabisa. Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2001 Profesa Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha taarifa kwamba walikuwa wamekikuta kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe katika tezi za shingo za wagonjwa wa Tanzania.

Basi ugonjwa usioonekana hutambuliwaje? Hutambuliwa kwa kuuliza mwili wa mnyama kile unachokumbuka. Kwa kifua kikuu, daktari hunyoa manyoya mahali pawili shingoni, hupima unene wa ngozi, kisha hudunga tone la tuberkulini ya ng'ombe mahali pamoja na ya ndege mahali pengine. Baada ya saa 72 hurudi na kupima tena. Mwili uliokwisha kupigana na kijidudu hicho huvimba pale ulipodungwa. Tuberkulini ya ndege huwekwa kwa sababu udongo na maji yetu yana vijidudu vilivyo ndugu wa kile cha kifua kikuu, visivyo na madhara makubwa, navyo vinaweza kuuchanganya mwili. Kwa hiyo uvimbe mmoja hulinganishwa na mwingine. Kwa brusela, damu huachwa itengane, na majimaji yake huchanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi juu ya kigae cheupe. Huzungushwa kwa dakika 4. Ikijitokeza michembechembe, mwili umekwisha kukutana na ugonjwa. Iko pia njia ya kupima maziwa yenyewe: hutiwa tone la dawa yenye rangi, na malai yanapopanda juu, kama ugonjwa upo rangi hupanda nayo na kufanya pete.

Ninaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Zamani mtu aliyesema "sikujua" alikuwa anasema kweli tupu, kwa maana hakuna aliyeweza kujua. Siku kipimo kinapopatikana, neno "sikujua" hubadilika maana, ingawa herufi zake ni zilezile. Ndani yake sasa limo neno jingine: "sikuuliza".

Historia ya brusela yenyewe inafundisha jambo hili. Katika kisiwa cha Malta askari na mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakiugua homa ndefu iliyowadhoofisha kwa miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alikipata kijidudu chenyewe, lakini kilikotoka hakikujulikana kwa miaka mingi. Watu walilaumu hewa, vumbi na maji machafu. Wakati huohuo mbuzi walipitishwa mlango kwa mlango mjini, wakakamuliwa mbele ya mnunuzi ili aone kwamba maziwa hayajatiwa maji. Ni nani angewashuku? Walikuwa wanene na wachangamfu. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi hao wazima, akakuta wengi wanao ugonjwa. Mwaka uliofuata wanajeshi walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua upesi kati yao. Mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni kwa macho yake mwenyewe akihakikisha usafi, na jicho lake halikuwa na uwezo wa kuona kilichokuwamo.

Wala tusidhani kwamba kuridhika na kutojua ni ugonjwa wa wasiosoma peke yao. Robert Koch, yule Mjerumani aliyekitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alisimama mbele ya mkutano mkubwa London mwaka 1901 akasema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kuhofiwa kwa binadamu. Heshima yake ilikuwa kubwa, na neno lake lilitosha kuwapumzisha wengi. Waingereza waliunda tume ya kuchunguza, nayo ilifanya kazi hadi mwaka 1911 na kuthibitisha kwamba ugonjwa huo huwapata watu, hasa watoto kwa njia ya maziwa. Ile tuberkulini, Koch mwenyewe aliitangaza mwaka 1890 akitumaini kwamba ni dawa ya kuponya. Haikuponya. Iliposhindwa kuwa dawa, ikageuka kuwa shahidi wa ugonjwa, na kwa kazi hiyo imedumu hadi leo.

Tuje sasa kwenye maadili. Dini zetu mbili, ambazo hapa Masasi zinaishi nyumba moja na nyingine, zote zimeligusa jambo hili. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 13, kuhani anaagizwa kumtazama mwenye alama ya ngozi, kumtenga siku saba, kisha kumtazama tena kabla ya kutamka neno. Hakuruhusiwa kufumba macho, wala hakuruhusiwa kuharakisha hukumu. Kwa upande wa Waislamu, iko hadithi mashuhuri ya Mtume inayomkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwachanganya na ngamia wazima wa mtu mwingine. Amri hiyo amepewa mwenye mifugo, si jirani yake. Na mtu atawezaje kuitii amri hiyo ikiwa hataki kujua ni yupi mgonjwa?

Katika falsafa, Mwingereza mmoja aliyekuwa mwanahisabati, William Kingdon Clifford, aliandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli aliyekuwa karibu kuipeleka baharini meli kuukuu iliyojaa abiria. Mtu huyo alikuwa na wasiwasi nayo. Kuikagua kungemgharimu. Basi akajituliza kidogo kidogo: mbona imesafiri salama mara nyingi, na Mungu atawalinda abiria. Mwisho akaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni nzima. Ikazama. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, hata kama imani yake ilikuwa ya kweli moyoni, kwa sababu hakuipata imani hiyo kwa njia ya haki; aliipata kwa kuunyamazisha wasiwasi wake. Tena anaongeza kwamba hata meli ingefika salama, hatia ingekuwa ileile, ila isingegunduliwa.

Mimi nakubaliana na Clifford kwa sehemu kubwa. Nasi wakulima wa korosho tunalijua hili bila kumsoma. Ubwiriubwiri ukiingia katika mikorosho, upepo huupeleka kutoka shamba hadi shamba. Anayesema kwamba shamba ni lake na hataki kutia salfa, anatoa uamuzi juu ya mashamba ya wengine. Mwenye ng'ombe vilevile: siku anapouza lita ya kwanza, ng'ombe ni wake, lakini afya ya ng'ombe huyo si siri yake peke yake tena.

Zipo hoja za kupinga, nazo ni nzito. Ya kwanza husema: chemsheni maziwa, mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba maziwa yaliyochemka hayana kifua kikuu wala brusela, na kama msomaji hatakumbuka lolote katika makala haya, na alikumbuke hilo. Lakini kuchemsha kunamlinda anayekunywa tu. Hakumlindi anayekamua, anayezalisha, anayefagia banda, wala ndama anayenyonya. Tena mtindi wetu mwingi hugandishwa ukiwa mbichi, kwa sababu walaji husema wa maziwa yaliyochemshwa hauna ladha. Na muuza maziwa anayemwachia mnunuzi kazi yote ya kujilinda amehamisha mzigo wake mlangoni pa mwenziwe bila kumwambia kwamba ni mzigo.

Hoja ya pili ni kwamba vipimo hukosea. Nayo ni kweli. Ng'ombe mzima anaweza kuonyesha dalili za ugonjwa asio nao. Ng'ombe aliyezidiwa na kifua kikuu anaweza asivimbe kabisa, kwa kuwa mwili wake umechoka kupigana. Lakini hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho, ingetufunga mikono katika kila jambo. Mtihani wa darasani nao hukosea. Nimeona wanafunzi hodari wakianguka kwa sababu ya usiku mmoja mbaya. Tuliurekebisha kwa kuwatahini tena na kwa kuwaangalia darasani. Hatukuacha kuwatahini. Kipimo kinachoweza kukosea kinadai kirudiwe na kisomwe kwa unyenyekevu.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua usingizini, nayo nitaieleza kwa kisa.

Hapa mtaani alikuwapo mama mmoja mjane aliyepata mtamba kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Utaratibu huu ni mzuri ajabu. Anayepewa ng'ombe halipi fedha. Hulipa kwa kumpa mwenzake ndama jike wa kwanza, naye huyo mwenzake atafanya hivyohivyo, na wema husafiri kutoka banda hadi banda. Ng'ombe wa mama huyu alitupa mimba ya kwanza katika mwezi wa saba. Mimba ya pili alizaa ndama jike, akatoa maziwa ya kutosha nyumba kumi. Miezi ilipopita, siku ya kumkabidhi ndama ikakaribia. Mama akaja kwangu jioni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri kidogo. Mwalimu, yule ndama natakiwa kumpeleka kwa mwenzangu mwezi ujao, na roho yangu inasita. Ile mimba iliyotoka sijaisahau. Nikimpa mwenzangu mgonjwa, nitakuwa nimempa nini?"

Nilimwambia kwamba swali lake ni bora kuliko jibu lolote nililo nalo, na kwamba amwite daktari. Akamwita. Damu ya ng'ombe mkubwa ilikuwa na brusela. Damu ya ndama ilikuwa safi, lakini daktari alieleza kwamba ndama wa mama mwenye ugonjwa anaweza kuuficha mwilini hata damu isiuonyeshe, hadi atakapozaa yeye mwenyewe. Kwa hiyo si wa kumkabidhi mtu. Ng'ombe akachinjwa mbele ya mkaguzi wa nyama, kwa bei ya nyama, ambayo si bei ya ng'ombe wa maziwa. Habari zikaenea siku hiyohiyo. Wateja wake wakasema kwamba yule mama alikuwa akiwauzia ugonjwa. Wakahamia kwa mfugaji mwingine, ambaye ng'ombe wake walipandwa na fahali yuleyule, na ambaye hajapata kuwapima hata siku moja.

Tazama matokeo yake, ndugu msomaji. Aliyeuliza alibaki na banda tupu na jina baya. Asiyeuliza aliongezewa wateja kumi. Na wafugaji wengine wote wa mtaa walijifunza somo kamili, nalo lilikuwa hili: usimwite daktari. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kuona somo likieleweka upesi namna hiyo.

Hapa ndipo ninapoachana kidogo na Clifford. Mwenye meli wake alikuwa tajiri, na kukagua meli kungempunguzia faida tu. Mjane wetu alikuwa na ng'ombe mmoja. Kumwambia kwamba ana wajibu wa kujua, kisha tukamwachia gharama yote ya kujua, ni kumpa wajibu ambao sisi wenyewe tungeukwepa. Wajibu upo, lakini si wake peke yake. Ni wa kila anayekunywa. Aliyenunua maziwa kwake miaka miwili na kumkimbia siku aliposema kweli, amekosa kuliko yeye, maana amefanya ukweli uwe ghali kwa wote watakaofuata.

Tulilijifunza hili katika ugonjwa mwingine. Katika miaka ya mwanzo ya UKIMWI watu waliogopa kupima, na ukiwauliza walijibu: nikishajua, nitafanya nini? Hawakuwa wajinga. Hapakuwa na dawa, na jina la mgonjwa lilikuwa aibu. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipimwa hadharani Dar es Salaam kuanzisha kampeni ya nchi nzima. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa zimeanza kutolewa bure. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa yamekutana: wakubwa walitangulia, na baada ya kipimo palikuwa na kitu cha kushika. Pasipo na kitu cha kushika, kupima kunafanana na kusomewa hukumu.

Nchi nyingine zimepita njia hiyo kwa mafanikio na kwa vurugu. Kule Denmark, Bernhard Bang, daktari aliyegundua kijidudu cha brusela ya ng'ombe mwaka 1897, aliona kwamba kuwachinja ng'ombe wote wenye kifua kikuu kungewafilisi wakulima. Akashauri watenganishwe: waliovimba upande huu, wazima upande ule, na ndama waondolewe kwa mama wagonjwa na kulishwa maziwa yaliyochemshwa, hadi kizazi safi kichukue nafasi ya kile cha zamani. Kipimo chake kilimwachia mkulima njia ya kupita. Marekani walichagua kupima na kuchinja, kwa fidia, tangu mwaka 1917, na walifanikiwa sana. Lakini mwaka 1931, bei za mazao zikiwa zimeanguka, wakulima wa Cedar County katika jimbo la Iowa waliwazuia madaktari kwa nguvu, na gavana akapeleka askari ng'ombe wakapimwe chini ya bunduki. Ugonjwa ulikuwapo na sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni imani ya mkulima kwamba kipimo ni chake pia.

Sheria kwetu hazikosekani. Iko Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 na Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004. Mtwara iko maabara ya mifugo. Lakini sheria haiingii katika banda la nyuma ya nyumba alfajiri. Kinachoingia humo ni desturi. Na desturi ninayoipendekeza kwa mitaa kama wetu ni nyepesi. Kwanza, tupime wote kwa siku moja, kama tunavyochanja watoto kwa siku moja, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole kwa sababu alitangulia. Maziwa ya mabanda machache yanaweza kuchanganywa na kupimwa pamoja kwa ile pete ya rangi. Ikitokea, ndipo damu ya kila ng'ombe ichukuliwe. Pili, kila nyumba inayonunua maziwa ichange kidogo kwa mwezi katika mfuko wa wanywaji, ili anayepoteza ng'ombe kwa kipimo apate pa kuanzia. Tunachangia harusi kwa kadi na msiba kwa daftari. Hatuwezi kushindwa kumchangia aliyepoteza ng'ombe ili watoto wetu wasiugue. Tatu, ndama wa kulipia deni la wema asikabidhiwe kabla mama yake hajapimwa, maana zawadi inayosafiri hubeba kila kilichomo ndani yake. Nne, ndama jike wachanjwe brusela wakiwa wadogo, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kabla ya umri wa kupandwa.

Mtu atasema kwamba hizi ni ndoto za mwalimu mstaafu. Labda. Lakini asiyetaka mfuko wala siku ya kupima anaweza kuanza na jambo moja lisilogharimu chochote. Kesho asubuhi, chupa ya maziwa ikiletwa mlangoni, amwulize aliyeileta kwa upole: ng'ombe wako alipimwa lini? Na kama mleta maziwa atajibu kwamba amempima na akakutwa na ugonjwa, kwa hiyo leo hana maziwa, basi mnunuzi huyo amshukuru, asilitangaze jina lake sokoni, na atakapopata ng'ombe mwingine arudi kununua kwake.